Mpaka Kwenye Nguzo

Juzi nilipanda toleka kutoka sokoni. Toleka ni baiskeli ya kukodi, abiria anakaa nyuma kwenye kiti cha sponji, na kwa umri wangu mgongo haukipendi kiti kile hata kidogo, lakini miguu nayo imeshakataa kazi, basi inabidi mmoja wao aumie. Tulipopita karibu na gare, stesheni ya treni, huku kwetu Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, kijana aliyekuwa ananiendesha akaonyesha reli kwa kidevu, reli zilizomezwa na majani, akaanza kunisimulia. Akasema zamani, wakati wa uhuru, kulikuwa na mtu wa hapa hapa aliyeshindana na treni. Alifika Ubundu, kule reli inakoishia, mbele ya treni, akapika, akala, akaosha sahani, ndipo akasikia treni inapiga filimbi kwa mbali.

Sikumkatiza. Napenda sana kusikia mtu asiyenijua akiisimulia. Nilimwuliza tu alipika nini. Akajibu bila kufikiri: lituma na samaki.

Yule mtu alikuwa kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja. Na lituma, ndizi zile za kupondwa, hakuipenda. Alisema inalala tumboni kama jiwe. Lakini kijana alikuwa amenogewa na maneno yake mwenyewe, tena kilima kilikuwa mbele yetu na nilitaka afike na pumzi, nikamwacha.

Nimefika nyumbani nikasema, bon, niiandike. Shule nilisoma kidogo kwa masista na kidogo kwa mwalimu wa Kurani, na kote niliondoka kabla hawajanichoka. Basi nitaandika kama ninavyosema, na nikipotea njia nitarudi. Majina siandiki. Anayejua anajua, na asiyejua atatosheka na mbio.

Papa, baba yetu, alikuwa fundi wa kushona, mtoto wa Waislamu wa zamani wa hapa, wale ambao mababu zao walikuja na biashara ya pembe wakabaki na kanzu na kahawa. Mama alikuwa Mkristo, mtu wa mto, kwao Yanonge, kabila la watu wanaojua kupiga kasia kabla ya kujua kutembea. Ndoa yao ilisemwa sana, kisha watu wakachoka kusema. Nyumbani tulikuwa na Idi na tulikuwa na Noeli, na sisi watoto tulikula pande zote mbili bila ugomvi. Naleta habari hii kwa sababu itatufaa huko mbele, si kwa sababu napenda kuzunguka, ingawa napenda.

Kaka yangu nilimwita yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa. Alifanya kazi ya reli. Kila asubuhi alitangulia mbele ya treni ya kwanza kuangalia kama msumari umelegea, kama taruma limeoza, kama mvua imekula udongo chini. Kazi ile wenzake waliifanya kwa kutembea. Yeye aliikimbia, kwa kuwa alitaka kumaliza mapema arudi alale. Ndiyo siri yote ya ubingwa wake. Watu wanataka niseme alikula dawa, au babu alimchanja miguuni. Alitaka kulala.

Hakuwa mrefu. Alikuwa na kifua kipana na shingo fupi, na ukimwona amesimama ungedhani ni mbeba magunia. Lakini mtu wa kwanza aliyemwona akikimbia kando ya reli, mzungu mmoja wa shule ng'ambo ya pili, alimvusha kwa mtumbwi siku ile ile akamweka kwenye stade, uwanja wa mbio, na vijana wake. Wakakuta kwamba mbio za karibu sana wanamshinda, na mbio za mbali sana anachoka na kukasirika. Lakini zile za katikati, mita elfu moja mia tano, hapo hakuna aliyemwona usoni ila mwanzoni.

Kisha uhuru ukaja. Zilifanyika sikukuu, na ndani ya sikukuu mashindano, na wakimbiaji wakaletwa kutoka kila upande wa nchi. Alikuja mmoja wa Bukavu, mwembamba kama unyasi. Alikuja mwingine wa Léopoldville mwenye viatu vyenye misumari chini, tukaenda kuviangalia kama watu wanaokwenda kuangalia mgonjwa. Papa alimshonea yaya kaptula nyeupe na fulana ya manjano, akairudia mishono mara nyingi, akisema mtu akichaniwa nguo mbele ya wakubwa aibu si ya mkimbiaji, ni ya fundi.

Mimi nilikuwa msichana wa kuuza mikate, ile mikate ya duara ya kukaanga. Niliingia stade na beseni kichwani. Yule wa viatu alitangulia, wa Bukavu akamfuata, na yaya alikaa nyuma yao anawaangalia visigino, kama anavyoangalia misumari. Mzunguko wa mwisho alipita upande wa nje. Hakupita kwa fujo. Alipita kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni. Mimi nilisahau beseni chini nikakimbia hadi kwenye kamba, na niliporudi mikate yote ilikuwa imeliwa na watu niliowaona kwa macho yangu wanatafuna, na hakuna hata mmoja aliyejua ni nani aliyekula. Sikulia. Siku ile ningewapa na beseni.

Alipewa kikombe kikubwa cha chuma chenye masikio mawili. Mama alikipokea, akakisugua kwa mchanga wa mtoni, akakifanya kipimo cha mchele. Mgeni akija kukiona alingoja kwanza mchele umiminwe.

Ilikuwa fahari, nasema kweli. Ukivuka kwenda sokoni upande wa pili, wauza samaki walimwachia yaya nafasi apite. Watoto wa mtaa wa Tshopo walimfuata mpaka darajani. Mtu mzima alimgusa begani, kisha akajigusa mwenyewe mguu.

Halafu uasi ukaja. Miaka ile sitaisimulia yote. Wako walioiona vibaya kuliko mimi na wamenyamaza, basi mimi ni nani wa kupiga kelele. Nitasema tu linalohusu mbio. Wakati ule kujulikana na watu lilikuwa jambo baya. Aliyewahi kupeana mkono na wakubwa aliulizwa ni mkono gani. Yaya alikuwa upande wa kulia wa mto kwa kazi siku mji ulipofungwa, akaona watu wanamwonyesha kwa kidole, wengine kwa mapenzi tu, wanasema yule njo champion, ndiye bingwa. Aliogopa mapenzi yale kuliko bunduki. Akavua fulana ya manjano akampa kijana mmoja wa kazini aliyekuwa anaiomba tangu uhuru, akaingia porini njia ya Masako.

Yule kijana aliivaa. Aliuawa karibu na daraja la Tshopo, na mtu aliyepita pale aliona fulana, hakuona uso. Habari ilivuka mto ikatufikia hivi: bingwa amekufa.

Maiti haikuweza kuletwa, mto ulikuwa hauvukiki. Ndipo nyumba yetu ya pande mbili ikagawanyika. Shehe alisema yatosha kumsalia aliye mbali, Mungu anajua alipo. Lakini tonton, ndugu ya mama, mtu wa Yanonge mwenye sauti ya kuita mtumbwi ng'ambo, alisema mtoto wa dada yake hatalala porini bila kitanda. Kwao, mtu akifa maji au akifa mbali, wanakata shina la mgomba urefu wake, wanalivika nguo, wanalizika. Shehe akasema shina la mgomba haliwezi kusaliwa. Tonton akasema hakumwomba alisalie, alimwomba asogee kidogo. Basi shehe alisali akiwa amelipa mgongo lile shina, na tonton alizika akiwa amempa mgongo shehe, na wote wawili walilia.

Tukaketi matanga. Kwao mama, kwenye matanga mtu anasimama na kusema sifa za marehemu, na kanuni ni moja: sifa iliyosemwa pale hairudishwi na mtu. Hata ukijua marehemu alikuwa mwizi wa kuku, akiitwa mfugaji utatikisa kichwa. Wa kwanza alisimama akasema habari ya stade, jinsi ilivyokuwa. Wa pili akasema yule wa viatu alivivua akavitupa mtoni kwa haya. Haikuwa kweli, tukatikisa kichwa. Wa tatu akasema kila asubuhi treni ilikuwa inamfukuza na haimpati. Mwisho alisimama tonton, macho mekundu, akasema mtoto wa dada yake aliondoka Lubunga pamoja na treni, akafika Ubundu, akawasha moto, akapika, akala, akaosha sahani, treni bado inahema njiani.

Watu wakapiga kelele ya kilio ambayo sijaisikia tena. Na matanga, unajua, watu wanatoka kwayo wanakwenda makwao. Wengine walipanda mitumbwi, wengine walifuata reli kwa miguu. Neno la tonton lilikwenda nao Isangi na Ubundu, na kote lilipofika lilipata kitoweo.

Jeshi likarudi, mji ukanyamaza, na mchana mmoja mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, mtu mwenye ndevu akasimama kwenye njia na mkungu wa ndizi begani. Mama hakupiga kelele. Aliweka mchi chini, akanituma nimwite tonton. Mpaka leo nashangaa, mtoto amefufuka na yeye anafuata taratibu.

Yaya akataka kuingia ndani. Tonton akafika mbio, akamzuia kwa kasia.

"Mutu balishamulilia hapiti ku mulango," akasema. "Anazaliwa tena kwanza."

Shehe naye alikuwa amekuja, kwa maana habari ilikuwa imefika kote. Akasema: "Huyu mutu iko muzima. Mumupe maji anywe."

"Atakunywa. Lakini atakunywa ndani, na ndani ataingia nyuma."

Wakabomoa kipande cha ukuta wa udongo upande wa jikoni, yaya akapitishwa hapo kinyumenyume, mama akamwosha kama mtoto mchanga, mwanaume mzima mwenye ndevu, na ndipo akapewa maji. Papa alisimama anaangalia lile tundu la ukuta, anapima kwa macho atakavyoliziba. Baadaye yaya akaomba aonyeshwe kaburi lake. Alilitazama sana. Tulimwambia aliyeuawa darajani alikuwa amevaa fulana ya manjano, na hapo alichuchumaa akang'oa majani kaburini, moja moja. Alipoinuka alisema: "Mulinizika karibu sana na choo." Tukajua kweli ni yeye.

Sasa ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Watu walikuja kumwona. Walileta kuku, walileta chikwanga, mikate ya muhogo, na wote waliuliza habari ya treni. Yaya hakuwa mtu wa kuongeza. Msumari ukilegea alisema umelegea, ukikaza alisema umekaza. Akawaambia hajawahi kushindana na treni hata siku moja, yeye alishinda stade, mita elfu moja mia tano, basi. Watu wakatazamana. Mama mmoja wa Ubundu aliyekuja kwa safari ya siku nzima akachukua kuku wake akarudi naye.

Wakaanza kusema huyu siye. Bingwa wa kweli alikufa darajani, huyu ni mdogo wake anakula kuku za marehemu. Kazini vijana wapya, wasioiona stade, walimwita champion ya matanga. Siku moja alirudi akaketi jikoni, akaniambia jambo ambalo nimeliweka moyoni. Alisema wakishajua treni ni uongo, hawaishii pale. Watasema na stade ilikuwa uongo. Alikuwa na kitu kimoja tu maishani ambacho alikifanya vizuri kuliko wote, na sasa kilikuwa kinachukuliwa na kitu ambacho hakukifanya.

Akaenda kwa tonton. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimebeba samaki.

"Tonton, njo wewe ulisema mambo ya Ubundu. Uambie batu."

"Niambie batu nini?"

"Kama ulidanganya."

"Ku matanga mutu hadanganye. Ku matanga mutu analia."

"Ulisema nilipika."

"Nilikuwa nalia sana."

Yaya akamwomba alirudishe neno. Tonton akakataa, akasema likirudishwa marehemu atasikia vibaya.

"Marehemu ni mimi."

Tonton akafikiri. "Bon. Na umesikia vibaya?"

"Ndiyo."

"Basi utanisamehe," akasema, akaendelea kushona wavu wake.

Kumbe mwingine aliyekuwa anaumia alikuwa mashinisti, mwenye kuendesha treni ya Ubundu. Mtu mnene, mtaratibu, aliyepaka mashine yake mafuta kama mtu anavyompaka mtoto. Alikuja kwetu siku ya mapumziko, amevaa koti, akakaa kwenye kiti cha papa, akanywa kahawa yote kabla ya kusema. Alisema kila akifika Ubundu wauza samaki wanamwuliza kama ameona mtu akimpita njiani. Wanampa pole. Mwanamke mmoja alimwekea sahani safi mbele akamwambia mwenzako ameshaosha.

"Miaka yote hii naendesha," akasema. "Sikuwahi kuchekwa na mutu wa samaki."

Yaya akamjibu kwamba yeye kila siku anasema si kweli, hawataki kusikia.

"Basi ukimbie. Ukishindwa, watanyamaza. Mimi napona, na wewe unapumuzika."

Mama alikuwa kwenye tundu la jikoni, lilikuwa halijazibwa bado. Akasema kutoka kule: "Ulishakufa mara moja. Haijatosha?"

Yaya akamsindikiza mgeni mpaka njiani, hakumwahidi kitu. Siku zilizofuata nilimwona anakwenda gare bila kazi. Alikaa kwenye majani akaitazama treni inavyoondoka. Wakati ule zilikuwa mashine za kuni, na njia ya kutoka gare inapanda kidogo, kisha inapinda nyuma ya soko. Treni yenye mzigo inaanza kwa kuhema, inateleza, inajivuta kama mama mjamzito anayeinuka kutoka mkekani. Yaya aliijua pale inapopata pumzi. Alikuwa ameitangulia kila asubuhi ya ujana wake, na hakuwahi kufikiri kwamba anaitangulia.

Akamrudia mashinisti. Alisema: "Nitakimbia. Lakini mita elfu moja mia tano. Ile njo yangu. Kutoka pale mpaka Ubundu ni yako, sitaki hata kidogo."

Mashinisti akacheka, akakubali, akasema atakuja na mashine peke yake, bila behewa, ili iwe haki ya mmoja kwa mmoja. Yaya akakataa.

"Haukuchekwa sababu ya mashine. Ulichekwa sababu ya treni. Ulete treni, na mizigo yake, na bamama na kuku zao."

Nilimwuliza njiani kwa nini anafanya hivi, naye anachukia uongo ule. Akasema watu wanataka treni, hawataachana nayo, basi atawapa moja iliyo kweli.

Wakapima. Yaya alihesabu vipande vya reli, kwa maana urefu wa kipande kimoja aliujua kuliko urefu wa mkono wake. Papa hakuamini hesabu ya vipande. Alikuja na utepe wake wa ushonaji, akachuchumaa, akapima njia yote kutoka mwisho hadi mwanzo, anaweka alama kwa chaki ya nguo, watu wanapita wanamwuliza anamshonea nani. Waliona mwisho mzuri ni nguzo ya ishara, ile ya chuma nyuma ya soko, ambayo kila mtu Lubunga aliijua. Basi mwanzo ukarudishwa nyuma kidogo, karibu na tangi la maji, ili mwisho uangukie nguzoni.

Siku ilipofika soko lilikuwa tupu. Watu walivuka kutoka upande wa kulia, mitumbwi mingi kama siku ya mnada. Vijana wale wa kazini walikuja mapema wakakaa mbele, wanamwuliza yaya kama amebeba sufuria. Shehe alikuwapo, alisema amekuja kumsindikiza msafiri, na alipoulizwa msafiri gani alitazama huku na huku akamwonyesha mashinisti. Papa alikuwa ameshona fulana nyingine ya manjano. Yaya aliishika muda kabla ya kuivaa.

Mimi nilipanda treni. Nilifikiri, kama mjinga, kwamba nitauza mikate kwa wasafiri, nitamwona vizuri dirishani, na wakifika nguzoni treni itasimama nishuke.

Filimbi ikapigwa. Mashine ikatoa moshi, magurudumu yakateleza, behewa letu likavutwa kwa nguvu hata kuku wakaanguka. Nilipochungulia yaya alikuwa ameshafika mbali, upande wa kulia wa reli, kwenye kinjia chake. Watu wakapiga kelele za furaha, lakini mimi niliona anakimbia polepole kuliko stade. Chakula cha porini kilikuwa bado hakijatoka mwilini. Tulipoanza kupinda nyuma ya soko treni ikapata pumzi. Nilisikia chini ya miguu yangu, ule mlio wa tararara unakaribiana. Mashinisti aliishika filimbi hakuiachia. Tukaanza kumkaribia, urefu wa behewa moja, kisha wa jingine, mpaka mashine ikawa nyuma ya bega lake, na mimi, kwa kuwa behewa letu lilikuwa la kwanza, nilikuwa karibu kiasi cha kuona chumvi shingoni mwake.

Na sisi tuliokuwa ndani, tuliolipa nauli tufikishwe haraka, tuliikasirikia treni. Mzee mmoja aliyekuwa anapeleka mlango Ubundu, mlango mzima wa mbao, aliinama dirishani akalipiga behewa kwa kofi, anaiambia treni ipunguze. Mama mmoja alishika koti la mwenye kukagua tiketi. Hakuna aliyetaka kufika.

Yaya hakutazama nyuma. Pale kwenye majani marefu nilimwona anaweka kichwa chini, na mwendo ule nikautambua. Ulikuwa ule wa sufuria motoni. Mashine haikumpata. Ilibaki pale begani inavuma, na yeye alikuwa mbele yake kwa kitu kidogo, labda urefu wa mtumbwi mdogo, akanyoosha mkono akaigusa nguzo kwa kiganja, pa, niliisikia ama nadhani niliisikia.

Kisha akasimama.

Tonton alikuwa amepanda juu ya kichuguu, sauti yake ilipita filimbi. "Endelea! Ubundu! Usisimame!" Na vijana wa kazini, walewale, nao wakaitikia, endelea, endelea. Yaya akaketi chini kwenye majani, akainua mikono yote miwili, viganja mbele, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. Mashine ikampita. Niliona mashinisti anavua kofia, anaishika kifuani, na hakupunguza mwendo hata kidogo, kwa maana kutoka pale njia ilikuwa yake.

Treni haikusimama. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, ndipo nikaelewa kwamba nakwenda Ubundu na beseni la mikate na sina hata kitenge cha kujifunika.

Ni safari ndefu. Watu wa behewa walipojua mimi ni dada yake walikula mikate yangu yote, safari hii wakijulikana, na kila mmoja akanieleza nilichokiona. Treni ilipofika katikati ya msitu tayari mzee wa mlango alikuwa anasema yaya alituacha mbali sana, hata hakuonekana. Nilitaka kumrekebisha, nikaona macho yake yanavyong'aa, nikajiuliza nitafanyaje nikifika kule. Hakuna mtu wa Ubundu aliyeona. Mashinisti angeweza kusema lolote. Angesema alishinda, nani angebisha? Mimi, mwenye beseni tupu?

Gare ya Ubundu wauza samaki walikuwa wamesimama wanangoja, habari ya mashindano ilikuwa imetangulia. Mashinisti alishuka, mweusi kwa masizi, akajifuta mikono. Yule mwanamke wa sahani akamsogelea.

"Papa mashinisti, pole. Leo tena?"

Watu wakacheka. Yeye akangoja wamalize.

"Alinishinda," akasema. "Kutoka tangi ya maji mpaka nguzo ya ishara, alinishinda. Na nilikuwa nafukuza kweli, muulize mwenye kuni. Kupita nguzo, nilimuacha. Iko kule Lubunga, ameketi. Atakayesema alifika hapa, mudanganyifu. Na atakayesema hakunishinda, mudanganyifu pia."

Walinyamaza. Sikuwahi kuona wauza samaki wananyamaza. Kisha yule mwanamke akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, nguzo hiyo iko mbali kiasi gani. Mashinisti akageuka, akaonyesha kwa mkono kutoka mashine yake mpaka kule ufukweni na kupita, na wote wakageuza shingo wakaufuata ule mkono, wanapima. Mmoja akasema taratibu, mbele ya treni, kote kule? Mwingine akasema mama wee. Niliwaona wanaelewa, kitu ambacho ile habari ya kupika na kuosha sahani haikuwahi kuwafanyia. Ubundu mzima ni mbali, hakuna anayeweza kuufikiri. Lakini pale mpaka pale kila mmoja aliwahi kukimbia, akifukuza mbuzi au akifukuzwa na mvua, na alijua pumzi inaishia wapi.

Mashinisti ndiye aliyesimulia hivyo miaka yote, kila gare, mpaka alipostaafu, na mtu akiongeza alimkatiza. Vijana wa toleka wa leo hawakumkuta, ndiyo maana wanapika lituma. Siwachukii. Ila wazee wa reli, ukiwauliza, watakuambia mpaka nguzoni, na watakuambia pia stade, bila kuulizwa, wakimtaja hadi yule wa viatu. Yaya alizeeka vizuri, alilala mchana kama alivyopenda, na hakuna tena aliyemwita siye.

Siku ile nililala kwa yule mwanamke wa sahani. Alinipa mkeka wake, akanipa samaki wa kuchoma, kichwa na yote, akakaa mbele yangu na taa, anataka kila kitu. Alivaa nini, alipumua vipi, alisema nini kabla. Nilimjibu yote. Akauliza alianza na mguu gani. Nikamwambia sikuona, nilikuwa naokota kuku. Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa. Niliporudi Lubunga kwa treni iliyofuata nilimwuliza yaya mwenyewe, na yeye pia hakujua.